Pikipiki ya Usharika

Sisi tukaao kando ya Ziwa Nyasa twaujua mtumbwi tangu utoto. Ukivuja, maji huonekana, na mwenyewe hana budi kuuziba. Lakini pikipiki huharibika ndani, mahali jicho lisipofika. Kwa hiyo tumeona yafaa kuwaeleza habari ya pikipiki ya usharika wetu, maana ina mafundisho ya ufundi na ya roho pia.

Pikipiki hiyo ni Honda CG125, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na pikipiki nyingi za Kichina zipitazo njiani leo zimefuata mfano wa injini yake. Kwa miaka mingi imemchukua mwinjilisti kati ya Ipinda na Matema, na mara nyingine imempeleka hospitali mama mwenye uchungu usiku, wakati mvua imeharibu njia na hapana gari. Basi ikaanza kutoa moshi wa samawati, ikala oili, na penye mlima ikakosa nguvu.

Fundi alipoifungua alituonyesha sababu. Ndani ya silinda pistoni hupanda na kushuka mara maelfu kwa dakika, nayo imevikwa ringi ili moto usishuke wala oili isipande. Chujio la hewa likipasuka, vumbi la kiangazi huingia, likasaga chuma kama jiwe lisagavyo ulezi. Wala chuma hakiliki sawasawa. Huliwa zaidi upande wa juu, ringi zinapogeukia, na tena upande ule ambao pistoni huegemea ikisukumwa. Ndipo tundu lililokuwa duara huwa kama yai.

Wazee wakakutana. Wengine walitaka ringi mpya tu, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Fundi akajibu, “Wazee wangu, ringi ni duara. Katika tundu la namna hii haitagusa pande zote, na moshi utarudi upesi.” Ndipo mmoja akasema, “Basi tutie oili nzito, moshi upungue siku mbili, tumwuzie kijana yule wa bodaboda anayeitaka. Fedha anazo.”

Tukanyamaza. Kijana yule twamjua, na fedha zake zimetoka katika kakao ya mama yake mjane. Baadaye mzee mmoja akauliza polepole, “Ndugu zangu, na Jumapili tutapokea sadaka kwa mikono hiyohiyo?” Shauri lile likaishia hapo.

Lakini halikuwa jambo jepesi, maana fedha zilizokuwamo sandukuni zilikuwa za mabati ya kanisa. Mabati yakangoja, na masika ile tulisali chini ya paa livujalo.

Fundi akaipima silinda juu, katikati na chini, na kila mahali kwa pande mbili zinazokingamana. Upana wa tundu la injini hiyo ikiwa mpya ni milimita 56.5. Letu lilikuwa limeliwa kupita robo ya milimita, kwa hiyo pistoni iliyoongezwa 0.25 isingefaa, ikatakiwa ya 0.50, na tundu la kama milimita 57. Akasisitiza pistoni inunuliwe kwanza, kisha silinda ichongwe kuifuata, kwa sababu nafasi kati yao ni sehemu chache tu za mia ya milimita. Ikizidi, pistoni hugongagonga na moshi hurudi; ikipungua, pistoni hutanuka kwa moto ikakwama.

Vyote viwili vikapelekwa Mbeya penye mashine ya kuchonga. Ukuta wa silinda ukasuguliwa kwa mawe, ukaachiwa mikwaruzo myembamba ipishanayo ili ushike oili. Kisha ikaoshwa kwa sabuni na maji ya moto, maana unga wa mawe ukibaki hula ringi mpya. Kila ringi ikaingizwa peke yake ndani ya silinda, na mwanya wa ncha zake ukapimwa kabla haijavikwa pistoni.

Iliporudi, fundi alikataza kuikimbiza au kuipakia mzigo mzito kwa kilomita 500 za kwanza, na oili ikabadilishwa mapema. Watu walinung'unika, lakini chuma na chuma, kama mume na mke wapya, havina budi kuzoeana taratibu. Sasa moshi haupo, na mwinjilisti afika Matema bila kusukuma.

Silinda ya namna hii yaweza kuchongwa tena, lakini si daima, kwa kuwa kawaida pistoni huongezwa mpaka milimita 1 tu. Kwa hiyo ninyi wenye pikipiki, tazameni chujio la hewa mara kwa mara, hasa wakati wa vumbi. Na mtu akitaka kuuza chombo chake, amwambie mnunuzi habari ya moshi wake kabla ya kupokea fedha.