Baiskeli Yavuka Bahari

Mji wa Mombasa ni kisiwa, lakini wengi wakaao humo husahau jambo hilo. Upande wa bara kuna njia ya Makupa, na kaskazini kuna daraja la Nyali. Mtu aweza kwenda Nairobi au Malindi asitambue kwamba amevuka maji. Upande wa kusini ndipo bahari idaipo haki yake. Ni kweli kwamba barabara ya Dongo Kundu imewapa wenye magari njia nyingine ya kuzungukia bara, lakini mtu wa kisiwani mwenye baiskeli, atakaye kwenda Ukunda au Msambweni, bado hushika njia ya Likoni. Hapo hana budi kusimama, kungoja na kuvushwa kwa feri, kama watu walivyovushwa tangu kazi hiyo ilipoanza katika mwaka wa 1937.

Habari hizi ni za fundi cherahani mmoja wa Biashara Street, aliyevuka na baiskeli yake siku ya Jumamosi katika mwezi wa Agosti, akarudi kesho yake. Safari ya siku mbili ni jambo dogo, ikiwa itapimwa kwa urefu wa njia peke yake. Ya fundi huyu yafaa kupimwa kwa kitu kingine.

Biashara Street yajulikana Pwani nzima kwa kanga na vikoi. Miongoni mwa maduka yake limo la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo kanga zake hutambulikana kwa maneno “Mali ya Abdulla”. Kanga huuzwa mbili mbili zikiwa hazijakatwa, na barazani mwa maduka huketi mafundi ambao huzikata na kuzipinda ncha wakati mnunuzi angali akingoja. Fundi huyu ni mmoja wao. Wateja wake wengi ni akina mama wa Kidigo wavukao kuja kununua kanga za arusi na za msiba. Yeye mwenyewe alizaliwa Gazi, lakini kwa muda wa miaka minne alikuwa hajakanyaga kwao.

Sababu ilikuwa minazi. Katika nchi ya Pwani yawezekana shamba likawa la mtu huyu na miti iliyo juu yake ikawa ya mwingine; kwa hiyo mti mmoja hutosha kuleta maneno ya miaka. Baba yao alipofariki aliacha minazi arobaini. Kaka mkubwa alibaki nyumbani akaitunza, akalipa wakwezi, akafukuza wezi. Mdogo alikuwa mjini akishona. Kaka alipomtumia fedha za nazi kwa simu, mdogo aliziona chache, akazirudisha kwa simu ile ile. Tangu siku hiyo hawakusemezana. Wahenga walikwisha kusema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Majirani wa Gazi wakawa wangojea tu kuona ni jembe au ni kapu.

Hata fundi alipokata shauri kwenda, wenzake wa barazani walicheka kusikia kwamba atakwenda kwa baiskeli. Kutoka Likoni hata Gazi ni yapata kilomita 50, na matatu zipo tele. Yeye aliwajibu, “Matatu itanifikisha mapema mno, ningali na maneno mengi. Nataka nifike nimechoka.”

Alijitengeneza kama inavyompasa mtu aendaye mbali. Alitia mafuta mnyororo, akakaza breki, akajaza pumzi magurudumu, akafunga pampu na viraka chini ya tandiko, na chupa ya maji juu yake. Juu ya keria alifunga doti moja ya kanga kwa ajili ya shemeji yake. Kuichagua kulimpotezea asubuhi nzima, kwa kuwa kila kanga ina jina lake, na majina mengine ni mafumbo makali. Mtu aliyekuwa na ugomvi akipeleka kanga yenye fumbo, amepeleka barua ya matusi. Mwisho alichukua ile iliyoandikwa kwamba undugu ni kufaana, si kufanana.

Alfajiri alishuka kwa Digo Road, barabara yenye jina la watu wa ng'ambo aliyokuwa akiiendea, akafuata Nyerere Avenue hata kivukoni. Pale hakuna mkubwa. Karani, mchukuzi wa mkokoteni, mama mwenye kapu la samaki na mwenye gari la fahari, wote hungoja lango lifunguliwe. Maji yale ni membamba, lakini ni marefu kwenda chini. Kilindini maana yake ni penye kina, na meli kubwa ziingiazo bandarini hupita hapo hapo. Meli ikija, feri hungoja. Wazee wavukao humo hawasahau tarehe 29 Aprili 1994, ilipopinduka feri ya Mtongwe, mbali kidogo na hapo, wakafa watu 272. Fundi alisimama kando ya baiskeli yake, mkono mmoja juu ya usukani, akatazama maji. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minne mwaka ule, na kaka yake ndiye aliyemshika mkono walipovuka mara ya kwanza baada ya msiba. Jambo hilo alikuwa hajalikumbuka siku nyingi.

Ng'ambo ya pili njia hupanda, na si mbali mtu hufika mahali paitwapo Shika Adabu. Fundi alishuka akaikokota baiskeli, kwa kuwa malori ni mengi na ukingo wa njia ni mwembamba. Alikuwa ametunga maneno ya kumwambia kaka yake, mambo tisa kwa hesabu, kila moja na ushahidi wake. Lakini Agosti ni wakati wa kusi, na upepo huo humpiga usoni aendaye kusini. Mtu hawezi kupambana na kusi na ndugu yake kwa wakati mmoja. Alipopita Waa, penye shule iliyoanzishwa mwaka 1921, yalikuwa yamebaki mambo sita. Tiwi alipumzika chini ya mwembe, akanunua muhogo wa kuchoma, na mzee mwenye kuuza akamwuliza kwao ni wapi na ni mtoto wa nani. Alipolitaja jina la baba yake, mzee alikataa fedha. Toka hapo yalibaki matatu. Ukunda alipasukiwa na mpira wa nyuma. Wakati alipokwisha kutia kiraka hakuweza tena kukumbuka la tatu lilikuwa lipi.

Gazi ni kijiji kidogo kando ya mikoko, lakini kina habari kubwa. Hapo ndipo alipokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, ambaye vita vyake na Waingereza vya 1895 na 1896 viliuchoma moto upande mwingi wa Pwani. Vita hivyo vilianza kwa neno la urithi: nani atawale Takaungu baada ya mtawala wake kufa. Mwisho Sheikh Mbaruk alikimbilia nchi iliyokuwa ya Wadachi, asirudi tena. Siku hizi kijiji chasifiwa kwa jambo la kushirikiana. Tangu mwaka 2013, wanakijiji huitunza mikoko yao katika mpango uitwao Mikoko Pamoja, na fedha zipatikanazo kwa hewa isafishwayo na miti hiyo hutumika kwa maji na shule. Mikoko haikugawanywa mti kwa mti, nayo yawafaa wote.

Kaka yake alikuwa uani akifua nazi. Aliisikia kengele, akainua macho, akamwona mdogo wake ameloa jasho, shati limegandama mgongoni.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Umekuja na hiyo toka Mombasa?”

“Nimekuja nayo.”

Kaka hakusema neno la minazi. Alichukua panga, akakata dafu, akampa. Mtu aliyefika kwa gari angalikaribishwa kwa maneno kwanza. Aliyefika kwa baiskeli hukaribishwa kwa maji, na baada ya maji maneno hubadilika. Jioni shemeji alijifunga kanga yake mpya, akalisoma jina lake kwa sauti ili wote walisikie, kisha akaenda zake jikoni.

Walizungumza hata usiku mwingi. Walipatana kwamba kila nazi zikianguliwa, yaani kila miezi mitatu hivi, mdogo atakuja mwenyewe, na hesabu itafanywa mbele ya wote wawili, gharama za mkwezi zikitolewa kwanza. Asubuhi kaka alimfungia nazi kumi juu ya keria. Kusi sasa ilikuwa mgongoni, na njia ya kurudi ikawa nyepesi ingawa mzigo ulikuwa mzito.

Wengi wenye baiskeli huihesabu kuwa chombo cha kazi tu, cha kuchukulia maji, mkaa na madafu, na kuitembelea kwa siku mbili huonekana ni mchezo wa wageni. Fundi sasa amevuka nayo mara nne. Ugomvi wenyewe haujakwisha wote: ipo minazi mitano mpakani ambayo kila mmoja asema ni yake. Lakini maneno hayo husemwa kivulini, uso kwa uso, na dafu liko mkononi.