Meno ya Baiskeli Yetu

Mtu akinunua baiskeli huku kwetu Salamabila, majirani huja kuitazama kama wajavyo kumtazama mtoto mchanga. Mmoja hupiga kengele, mwingine hubonyeza tairi kwa kidole gumba, wa tatu huuliza bei na kusema kwamba umepunjwa. Lakini ni wachache wainamao kuhesabu meno. Sisi nasi, tuliosoma seminarini miaka kadhaa na kufundishwa hesabu na walimu wenye bidii, tulipanda baiskeli miaka minane bila kuhesabu meno yake hata mara moja. Leo twataka kueleza jinsi tulivyojifunza hesabu hiyo, kwa maana karo yake hatukuilipa sisi wenyewe.

Baiskeli yetu ya kwanza ilikuwa nyepesi mbio. Barabarani penye tambarare iliruka kama swala, na watoto walituimbia tulipopita. Mnyororo wake ulipochakaa tulinunua mpya, tukaufunga juu ya meno yaleyale ya zamani. Fundi wa sokoni alituonya: "Mwalimu, mnyororo mpya na meno ya kale havipatani. Badilisha vyote pamoja." Tulimjibu kwamba fedha haitoshi. Kweli haikutosha, lakini mwezi uleule tulinunua kengele mpya na taa ya mbele.

Usiku mmoja wa mvua mama jirani alibisha hodi. Mtoto wake wa miaka minne alikuwa na homa kali, na degedege lilikuwa limeanza kumshika. Toka kijijini kwetu mpaka hospitali ni kilomita 11. Siku hizi pikipiki ni nyingi, lakini usiku ule hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kuingia katika matope yale. Basi mama alimfunga mtoto mgongoni, akaketi nyuma yetu, tukaondoka.

Tulipofika kwenye mlima tulisimama juu ya pedali ili tuongeze nguvu. Mnyororo ukaruka meno. Tukajaribu tena, ukaruka tena. Mara ya tatu ukakatika, nasi sote watatu tukaanguka matopeni. Tuliiacha baiskeli majanini, tukambeba mtoto kwa zamu, mama na sisi, tukafika hospitali kulipokuwa kunapambazuka. Waganga wakasema ni malaria iliyopanda kichwani. Wakamtibu vizuri, na mtoto akapona, twamshukuru Mungu. Ila tangu siku ile sikio lake moja halisikii. Hakuna mganga aliyetuambia kwamba saa zile zilizopotea njiani ndizo sababu, wala mama yake hakutulaumu hata kwa neno moja. Lakini tukitaka kumwita darasani, yatupasa kwanza kumgusa bega.

Baada ya mwaka mmoja Wakristo wa kituo chetu walichanga, nasi tukaongeza akiba yetu, ili ipatikane baiskeli nyingine. Mle ndani mlikuwa na fedha ya wajane waliouza karanga, na fedha ya vijana wachimbao dhahabu mashimoni. Hatukuwa na ruhusa ya kukosea mara ya pili.

Dukani tuliona baiskeli mbili. Ya kwanza ilikuwa ya rangi nyekundu, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo, na tairi nyembamba. Mbele ina duara tatu za meno, nyuma sita, yaani mwendo wa namna 18. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, yenye mwendo mmoja tu. Kusema kweli, moyo wetu ulikwenda kwa ile nyekundu. Kabla ya kulipa tulikwenda kwa yule fundi tuliyempuuza zamani. Hakutukumbusha kosa letu. Alipindua baiskeli ya mtu iliyokuwa pale, akachukua kijiti, akatuambia: "Mwalimu, hesabu."

Tukahesabu. Duara kubwa la mbele, ambalo mafundi wetu huliita plato, lilikuwa na meno 48. Duara dogo la nyuma, yaani pinyo, meno 18. Gawanya 48 kwa 18: ukizungusha pedali mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara mbili na theluthi mbili. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja husafiri kama mita 2 na sentimita 20. Basi kila mzunguko wa mguu hukupeleka karibu mita 5 na sentimita 90. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu ya baiskeli yetu ya zamani pia, na ndiyo sababu iliruka kama swala.

Kisha fundi akatoa plato ya meno 44 na pinyo ya meno 22. Hapo hesabu ni rahisi: mguu mara moja, gurudumu mara mbili, mita 4 na sentimita 40. Mwendo umepungua robo, lakini na nguvu inayotakiwa mguuni imepungua robo vilevile. Mtu azungushaye pedali mara 60 kwa dakika atakwenda kilomita 21 kwa saa kwa meno yale ya kwanza, na karibu 16 kwa haya ya pili. "Sasa niambie," fundi akauliza, "wewe unanunua baiskeli kwa ajili ya tambarare au kwa ajili ya mlima?"

Tukamwuliza kwa nini basi tusichukue ile nyekundu, yenye meno ya tambarare na ya mlima pia. Akatujibu kwa haki, bila kuidharau. Baiskeli ya namna ile ni chombo chema kwenye lami. Hata wakimbiaji wa Ulaya waliitamani zamani. Katika yale mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, mabingwa walikuwa wakishuka chini penye mlima, wakifungua gurudumu la nyuma na kuligeuza ili watumie pinyo ya upande wa pili. Ni mwaka 1937 ndipo waliporuhusiwa wote kutumia kile chombo kihamishacho mnyororo. Lakini chombo hicho huning'inia chini karibu na ardhi. Udongo wetu mwekundu wa wakati wa mvua hukijaza, nyasi hukishika, jiwe hukipinda. Mnyororo wake ni mwembamba zaidi. Kikivunjika, nani katika kijiji chako anacho kingine? Fundi alipomaliza kusema hivyo, ile rangi nyekundu ikatutoka moyoni.

Tukainunua nyeusi, tukaitazama kiungo kwa kiungo. Njiti za magurudumu tulizihesabu: mbele 32, nyuma 40, kwa maana mzigo hukaa nyuma. Tairi tulichagua nene, maana nyembamba huzama katika matope na kuumwa na mawe. Breki tulizifikiria sana, kwa sababu rimu ya chuma ikilowa haishikwi vizuri. Tukajifunza kuzigusa breki mapema kabla ya kuteremka, ili zifute maji. Plato na pinyo zilizokuja nayo tulimwachia fundi, akafunga zile za 44 na 22, na mnyororo mpya.

Akatufundisha pia kuupima mnyororo. Viungo 24 vya mnyororo mpya vina urefu wa sentimita 30 na nusu. Vikiongezeka milimita 3, mnyororo umechakaa, na ukiendelea nao utayala meno yote mpaka yachongoke. Basi ubadilishe mapema, na meno yatadumu. Ukichelewa, itakubidi ubadilishe vyote. Sisi tulikuwa tumechelewa, kisha tukabadilisha nusu; ndiyo maana mnyororo uliruka usiku ule. Kipimo tunacho sasa: tumechora alama mbili juu ya mlango wa nyumba, na kila mwanzo wa mwezi twaupima.

Ndugu msomaji, tusikufiche: baiskeli hii ni ya polepole. Kwenye tambarare vijana wanatupita wakipiga kengele, na mmoja amekwisha kuibatiza jina la Kinyonga. Wakati mwingine kiburi chetu cha zamani hutuuma, tukatamani yale meno 48. Tena mlima haukuondoka. Mvua ikinyesha sana bado twashuka na kusukuma. Lakini twaupanda na mtu nyuma, na mnyororo hauruki.

Palikuwa na bingwa wa Italia, Gino Bartali, aliyeshinda mashindano yale ya Ufaransa mwaka 1938 na tena mwaka 1948. Mwaka 2013 Yad Vashem ya Yerusalemu ilimwandika kati ya watu wenye haki, kwa sababu wakati wa vita alitumia baiskeli yake kubeba hati za siri za kuwaokoa Wayahudi. Watu humkumbuka kwa mbio. Wale aliowabebea hati humkumbuka kwa mzigo. Sisi si mabingwa, lakini twadhani ni vema mnunuzi ajiulize kwanza atabeba nini, na atapita wapi siku ya mvua, kabla ya kuuliza bei.

Yule mtoto sasa ana miaka saba. Kila tukiipindua baiskeli kuitia mafuta, huja mbio. Tumempa kazi moja. Huzungusha pedali polepole kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha kulia hugusa meno moja moja, akihesabu kwa sauti kubwa kama wahesabuvyo watu wasiojisikia vizuri: 44 mbele, 22 nyuma. Akikosea, huanza upya, nasi twamngoja.