Amana Iliyofungiwa Ndani ya Diski

Twaomba ruhusa tueleze jambo lililotufika hapa Nkunga, huenda likamfaa mwenye nyumba yake au kijana aliye na kompyuta.

Radi ya masika iliua kompyuta ya chuo chetu. Waumini wakachanga, na kijana tuliyemsomesha zamani akanunua vipande huko Mbeya akatuundia mpya. Lakini diski mbili za ile ya kale zilibaki kabatini, na katika mojawapo mlikuwa na hesabu ya akiba walizotuwekea wazazi. Siku hizo akaja bibi mmoja mjane, akasema kuwa alituwekea shilingi 180,000 za mjukuu wake yatima. Sisi tulikumbuka 80,000 tu, nasi tukamjibu kwa ukali. Akainamisha kichwa akaenda zake. Usiku ule hatukupata usingizi.

Kijana akaja na bisibisi yake. Diski ya kwanza ilikuwa ya namna ya SATA, iliyoanza kuenea mwaka 2003 na ingali ikitumika: waya mwembamba wa pini 7 hupitisha habari, na mwingine wa pini 15 hupitisha umeme. Ilikubali mara moja, lakini hamkuwa na kitu ila sauti za darasa za Ramadhani. Ya pili ilikuwa ya kale zaidi, ya waya bapa na pini 40, na kompyuta mpya haina pahala pa kuichomeka. Tukatafuta adapta ya kuiunga kwa USB. Tukaichomeka, ikanyamaza kama jiwe.

Kijana akasema, "Maalim, USB hutoa volti 5, na diski kubwa kama hii yahitaji pia volti 12 za kuzungushia sahani zake. Lazima ipewe umeme wake mbali."

Ikaletwa adapta yenye umeme wake, na diski ikaanza kuvuma. Mara kioo kikatuuliza kama twataka kuifomati. Kidole chetu kilikuwa tayari kubonyeza, kijana akatushika mkono. "Usikubali, Maalim! Ukiifomati, wafuta orodha ya yote yaliyomo." Akazima, akakaza waya uliolegea, akawasha tena. Safari hii majalada yakaonekana. Kabla ya kufungua hata moja, aliyanakili yote katika kompyuta mpya, kwani diski nzee huweza kufa wakati wowote.

Tukaifungua hesabu. Ilikuwa 180,000, na sisi wenyewe ndio tuliyoiandika.

Asubuhi tukaenda kwa yule bibi, tukamwomba radhi mbele ya mjukuu wake. Akatujibu, "Nimesamehe, Maalim. Ila fedha ile ni ya yatima, iandike tena."

Wasomaji wetu, katika Suratul-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na washuhudie mashahidi. Sisi tuliandika, lakini pahala pamoja tu, tena bila shahidi. Nao Masahaba, walipouawa wengi wa waliohifadhi Kurani katika vita vya Yamama, hawakungoja: Sayyidna Abubakar alimwamuru Zaid bin Thabit aikusanye kutoka katika ngozi, makuti ya mitende na vifua vya watu. Walitangulia kuilinda kabla haijapotea kitu.

Basi enyi vijana, mwenye diski ya kale ndani ya kabati na anakili yaliyomo leo, maadamu adapta zapatikana. Na ikigonga gonga ndani, aizime ampelekee fundi. Sisi sasa hesabu yetu i katika kompyuta, na katika diski nyingine iliyo nyumbani kwa imamu, na katika daftari la wino lenye sahihi za mashahidi wawili. Mwenyezi Mungu atusamehe tulipomdhania vibaya mwenye haki. Amin.