Saa Chache Ukingoni mwa Rhine

Waliosikiliza redio ya masafa mafupi Afrika Mashariki katika miaka ya sabini na themanini waliujua mji wa Cologne kwa masikio kabla ya kuuona. Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ilianza kutangaza kutoka huko mwaka 1963, na mtambo wa kurushia matangazo uliokuwa Kigali uliisogeza sauti hiyo karibu nasi. Jina la mji likazoeleka majumbani, ila mitaa yake haikujulikana. Nakumbuka jinsi safari ya huko ilivyopangwa enzi hizo na mwanafunzi aliyepata nafasi ya masomo, au baharia aliyepewa likizo baada ya meli kutia nanga Hamburg au Rotterdam. Mpango ulishonwa kwa vipande: postikadi ya kanisa kuu lenye minara miwili, barua ya ndugu aliyetangulia, ramani ya Ulaya nzima ambamo Cologne ni nukta. Kazi kubwa ilikuwa kutafuta habari, na aliyezipata alizishika kwa mikono miwili, kwa kuwa hakujua kama atapata nyingine.

Upungufu huo wa habari haukuwa wetu peke yetu. Matembezi mafupi kandokando ya Rhine ni jambo la karne ya 19, na mwanzo wake unaonekana wazi. Mwaka 1827 meli za mvuke zilianza safari za kawaida kati ya Cologne na Mainz. Mwaka huohuo Karl Baedeker alifungua duka la vitabu Koblenz, mahali Mto Mosel unapoingia Rhine, na baadaye akajenga jina lake juu ya vitabu vya mwongozo. Vitabu hivyo vilimwondolea msafiri hofu ya kumtegemea mwongozaji wa kukodi au mwenye hoteli: vilimweleza nauli, vikampa ramani, na vikaweka nyota pembeni mwa yale yanayostahili kuonwa kwanza. Kwa zaidi ya miaka mia moja kupanga safari kulimaanisha kununua maarifa ya mtu aliyefika kabla yako.

Hoja yangu ni kwamba kitu adimu kimebadilika, lakini namna yetu ya kupanga haikubadilika nacho. Habari sasa zimejaa simuni, bure, kwa lugha yoyote. Kilichobaki haba ni saa. Hata mwendo umesaidia: njia ya treni ya kasi kati ya Cologne na Frankfurt ilifunguliwa mwaka 2002, na mtu anayetua uwanja wa ndege wa Frankfurt hutumia kama saa moja tu kufika stesheni kuu ya Cologne, ambayo mlango wake unatazamana na kanisa kuu. Nauli na safari za treni zinajulikana kwa dakika mbili. Hata hivyo watu wanaokwenda kwa siku mbili bado wanahodhi majina ya mahali kama watu wa enzi ya barua. Ramani ya simu inawekwa alama thelathini au arobaini: makanisa yote 12 ya mtindo wa Romanesque, makumbusho, madaraja, mikahawa, duka la chokoleti. Zamani mrundiko huo ulikuwa na sababu. Leo haumkingi msafiri na lolote, na unamlia ile saa aliyoifuata.

Tuchukue kanisa kuu lenyewe. Ujenzi wake ulianza 1248 na kukamilika 1880, na kila orodha huliweka mbele. Orodha hukwambia lipo, picha zake zikakuonyesha sura yake, na bado hujajua uingie saa ngapi. Upande wa kusini kuna dirisha kubwa lililobuniwa na msanii Gerhard Richter na kuzinduliwa mwaka 2007, mahali ambapo vioo vya zamani viliangamia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Lina vipande 11,263 vya kioo vya mraba, kila kimoja kisichozidi upana wa kiganja, katika rangi 72. Halina mtakatifu wala hadithi ya Biblia: ni rangi tu, nyekundu kando ya kijani, samawati kando ya manjano. Kwa kuwa linatazama kusini, jua la adhuhuri ndilo linalolifungua. Hapo rangi hushuka ukutani na kwenye nguzo za mawe ya kijivu, na jinsi jua linavyosogea nazo zinasogea. Aliyepita saa mbili asubuhi siku ya mawingu ameliona dirisha, lakini tukio lenyewe hakulikuta, ila yeye na aliyefika adhuhuri wameweka alama ya vema mahali pamoja.

Mto nao una saa zake. Ukivuka daraja la Hohenzollern kwa miguu, treni zikipita pembeni yako na maelfu kwa maelfu ya kufuli za wapendanao zikiwa zimening'inia kwenye wavu, unatokea Deutz, ukingo wa mashariki. Kutoka hapo mji wa kale uko magharibi yako: asubuhi jua linaupiga usoni, jioni linazama nyuma ya minara. Ng'ambo, ukingoni mwa mji wa kale, kuna mnara mdogo wenye uso kama wa saa ya ukutani, ila hausomi wakati, unasoma maji: mshale mfupi huonyesha mita na mrefu desimita. Januari 1995 kipimo hicho kilifika mita 10.69 na maji yakaingia mji wa kale. Oktoba 2018 kilishuka hadi mita 0.69. Kikifika mita 8.30 meli zote husimamishwa. Aliyejenga safari yake yote juu ya kupanda meli angefanya vizuri kuuliza habari za mto kabla ya habari za mkahawa.

Na ukingo wenyewe haukuwa hivi siku zote. Barabara ya magari ilipita kati ya mji wa kale na maji mpaka ilipoingizwa ndani ya handaki mwaka 1982, na juu yake pakawa bustani na njia ya miguu. Ngazi pana za Deutz, ambako watu huketi jioni wakitazama mji, ni za muongo uliopita tu. Mwongozo wa zamani ulikuwa na haki ya kumpeleka msomaji kutoka jengo hadi jengo, kwa sababu nafasi ya katikati ilikuwa ya magari. Siku hizi nafasi hiyo ndiyo mji, na hakuna orodha inayoipa muda.

Wapo watakaopinga, na mapingamizi yao ni mazito. La kwanza ni la viza. Anayeomba viza ya Schengen akiwa Dar es Salaam au Nairobi hutakiwa kuonyesha atakapolala, bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na mara nyingi ratiba, utamwambiaje asipange? Simwambii hivyo. Ubalozi unataka kujua utalala wapi na utaondoka lini, na hayo yapangwe kwa makini. Wakati wa kanivali, au maonyesho makubwa ya biashara, vyumba huadimika na bei hupanda. Makumbusho mengi ya mji hufungwa Jumatatu. Jumapili maduka hayafunguliwi. Mambo haya ndiyo yanayostahili utafiti, kwani hayarekebishiki ukishafika. Mengine yote yanarekebishika ukiwa umesimama mlangoni.

Pingamizi la pili linaniuma zaidi: mtu aliyekusanya nauli kwa miaka, ambaye huenda harudi tena, ana haki gani ya kuacha chochote? Gharama ni kweli, nami siwezi kuidharau. Lakini tuhesabu naye. Siku mbili za Oktoba zina mwanga wa saa kama 11 kila moja. Ondoa chakula, sala kwa anayesali, ondoa kusubiri na kupotea njia. Zinabaki saa 14 au 15 kwa safari nzima. Ukizigawa kwa mahali 30, kila pahali panapata nusu saa au chini yake, na kutembea kumo humohumo. Akiwa amefuatana na wazazi wenye magoti yanayouma, ngazi 533 za mnara wa kusini wa kanisa kuu tayari zimemtoka. Mimi ningempangia mawili kwa siku, moja la adhuhuri na moja la jioni, yote yasiyo mbali na maji. Na akitaka la tatu, kanisa la Groß St. Martin liko hatua chache kutoka ukingoni, aingie likiwa wazi.