Enzi za Tapeli Asiyejua Kuandika

Sisi tuliomiliki simu za kubonyeza miaka ya 2010 tunaujua ule ujumbe hata tukiamshwa usiku wa manane: ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la fulani. Uliingia ukiwa kwenye daladala, umeandikwa kwa herufi kubwa mwanzo mwisho, bila nukta wala mkato, "hela" imekuwa "ela" na "hii" imebaki "ii", na ulimfikia mwenye deni na asiye na deni, mpangaji na mwenye nyumba, sista wa parokia na mlinzi wa benki, maana aliyeutuma hakumjua hata mmoja wao. Alibahatisha namba tu, akitumaini kwamba katika watu elfu yupo mmoja aliyekuwa njiani kwenda kwa wakala kulipa kodi ya pango. Tuliucheka. Tuliusomeana kwa sauti. Wengine walimjibu tapeli na kumwomba yeye awatumie nauli.

Siku hizi hauchekeshi. Unakuja umenyooka, una jina lako kamili, unataja shule ya mtoto wako na ada ya muhula unaoanza wiki ijayo.

Sina mapenzi na tapeli wa zamani. Alimliza mama muuza vitumbua na mstaafu aliyekuwa amepokea mafao jana yake. Lakini uvivu wake, na zaidi ya uvivu ule mwandiko wake mbovu, ulikuwa ukuta wa nyumba zetu, nasi tulidhani ukuta huo tumeujenga kwa werevu wetu wenyewe.

Hatari haikuanzia kwenye simu; kabla yake kulikuwa na flopi. Vijana wa leo wanaiona kama alama ya kuhifadhi kwenye kompyuta na hawajui kwamba ilikuwa kitu cha kushikika, plastiki ya bei nafuu yenye kijilango cha bati kilicholia "krak", iliyobeba megabaiti 1.44 tu, na kwamba mwanafunzi wa chuo aliweza kuzunguka Posta nzima, Dar es Salaam, akiwa na utafiti wake wa mwaka mzima kwenye mfuko wa shati. Kwenye kafe za intaneti za Posta na Kariakoo, zile zilizotoza shilingi 500 kwa saa, zenye pazia zito la kuzuia jua, feni iliyosukuma joto kutoka kona moja kwenda nyingine, kibodi zilizofutika herufi na harufu ya vumbi linaloungua nyuma ya skrini zenye kisogo, ukutani kulibandikwa karatasi: USIWEKE FLOPI BILA KUSKANI. Karibu na mlango alikaa fundi na pochi yake ya sidii, kila moja imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito.

Fundi huyo ndiye aliyekuwa usalama wetu wote wa mtandao. Flopi zilipokufa zikaja flashi, na flashi zikaja na balaa lake: unaichomeka, unafungua, kila folda imegeuka shotikati na barua ya kuombea kazi haionekani. Unampelekea fundi. Anaigeuzageuza kwenye mwanga, anaguna, anakuuliza umeichomeka wapi kwa sauti ya daktari anayeuliza ulilala wapi. Alivijua virusi kwa majina na kwa tabia. Brontok, kutoka Indonesia, ndicho kilichoizima na kuiwasha kompyuta kila ulipotaka kukigusa. Conficker, kilichoanza mwishoni mwa 2008, kilipita kwenye flashi na kwenye nyaya za ofisi kwa pamoja, ukisafisha mashine moja inaambukizwa na ya jirani. Akishindwa kabisa alitamka hukumu moja tu: hapa tupige Windows upya. Shilingi 10,000, na picha zako za harusi uziage.

Antivairasi ya wakati ule ilikuwa orodha. Kirusi kilichokwisha kuonekana mahali fulani duniani kiliandikwa alama zake, na programu yako ikalinganisha kila faili na orodha hiyo. Kisichoandikwa kilipita bila kuulizwa. Kwa hiyo uhai wako ulitegemea orodha kuwa mpya, na kabla mkongo wa intaneti wa SEACOM haujafika ufukweni Dar es Salaam mwaka 2009 intaneti yetu ya setilaiti ilikuwa ghali na ya kusinzia, kwa hiyo fundi alishusha orodha hiyo usiku kwenye ofisi moja yenye mtandao wa afadhali, akaiweka kwenye flashi na asubuhi akaisambaza ofisi nyingine. Mara nyingi flashi hiyo hiyo ndiyo iliyosambaza kirusi.

Jambo jingine: adui alikuwa na sura. Mwaka 1986 ndugu wawili wa Lahore, Pakistan, Basit na Amjad Alvi, walitengeneza kirusi cha Brain na ndani yake wakaacha majina yao, anwani ya duka na namba za simu. Kile cha ILOVEYOU, kilichoangusha barua pepe za dunia Mei 2000, kilifuatiliwa mpaka kwa kijana wa Manila, Onel de Guzman, ambaye hakufungwa kwa sababu Ufilipino haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ungeweza kumlaani mtu kwa jina. Leo unamlaani nani?

Kompyuta ya sasa inakuja na mlinzi wake ndani, inajisasisha ukiwa umelala, na shotikati za ajabu sijaziona miaka mingi. Fundi anauza vioo vya simu.

Halafu ikaja Novemba 30, 2022, ChatGPT, mashine ya kuandika, ikafunguliwa kwa watu wote. Wengi waliitumia kuandika barua za kazi na mashairi ya send-off. Wengine waliona humo mfanyakazi asiyelala. Kwa wasomaji wa Kiingereza hilo lilimaanisha barua za kitapeli zenye sarufi safi, nao walikuwa na muda wa kuzoea. Kwetu mapinduzi yalikuwa makubwa kuliko hayo, kwa sababu Kiswahili ndicho kilichokuwa kikitukinga. Zile barua za mjane wa jenerali mwenye mamilioni ya dola zilikuja kwa Kiingereza, na asiyekijua hakutapeliwa. Google Translate ilipoanza Kiswahili mwaka 2009 mjane akajaribu lugha yetu, akatuandikia kwamba "fedha wangu unakaa katika benki na yeye ni salama". Hapo ngeli ilifanya kazi ya polisi. Mtoto wa darasa la nne angeona kwamba aliyeandika si mtu wa hapa.

Sasa mashine inapatanisha ngeli kuliko baadhi ya watangazaji wetu wa redio. Inajua kuandika kama karani wa benki wa Dar, na ukiitaka iandike kama mtu wa Mombasa itajaribu, na mwakani itaweza zaidi. Kazi iliyomchosha tapeli, ya kutunga barua inayomhusu mtu mmoja, mwenye jina hili, kazi hii na ndugu hawa, leo inafanywa kwa maelfu ya watu kabla chai haijapoa.

Na sauti. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walitangaza mfumo wao wa VALL-E, unaoiga sauti ya mtu baada ya kuisikiliza kwa sekunde 3. Mwezi uliofuata mwandishi wa habari Joseph Cox akaingia kwenye akaunti yake mwenyewe ya benki Uingereza kwa kuisikilizisha simu ya benki sauti yake ya bandia. Mwanzoni mwa 2024, Hong Kong, mfanyakazi wa idara ya fedha wa kampuni ya uhandisi ya Arup aliingia kwenye kikao cha video, akamwona mkuu wa fedha na wenzake anaowafahamu, akatekeleza maagizo yao na kutuma kama dola milioni 25 kwa mafungu 15. Kikaoni mtu halisi alikuwa yeye peke yake.

Tuliyasoma hayo kama habari za wenye fedha nyingi, mpaka shangazi yangu wa Tanga alipopigiwa simu kwa namba ngeni, akiwa anachambua mchele.

"Shikamoo mama. Simu yangu imeingia maji, natumia ya mwenzangu. Nimekamatwa na shida."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nitumie laki tatu, namba nakuandikia sasa hivi."

Shangazi akakata simu. Mwanawe yuko Sharjah mwaka wa nne, na swali hilo hajawahi kulijibu kwa neno moja: lazima aulalamikie wali wa kambini, amsimange mpishi, aulizie samaki wa Deep Sea pale Tanga. Akapiga namba yake ya siku zote. Kijana alikuwa amelala, ametoka zamu ya usiku, na simu yake ilikuwa kavu. "Sauti ilikuwa yake mpaka kile kikohozi," shangazi alituambia, na hakuwa anajisifu, alikuwa ameudhika, kwa sababu ameyaamini masikio yake tangu azaliwe. Sauti yenyewe haikuwa na haja ya kuibwa. Kijana ana video kibao mtandaoni akiwapikia wenzake pilau, zenye salamu kwa mama.

Itakuwa dhuluma nikiishia hapo, maana upande wa ulinzi nao haujalala. Ile orodha ya fundi imepitwa na wakati; ulinzi wa sasa hausubiri kirusi kijulikane jina, unaangalia mwenendo. Programu inayoanza kufunga mafaili mia kwa dakika moja inasimamishwa hata kama haijawahi kuonekana popote. Novemba 2024 Google walieleza kwamba mfumo wao wa akili mnemba uitwao Big Sleep ulikuta ufa ndani ya SQLite, programu ya kuhifadhi taarifa iliyomo karibu katika kila simu janja, ukazibwa kabla toleo lenye ufa huo halijawafikia watu. Agosti 2025, Las Vegas, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, DARPA, lilihitimisha mashindano ya miaka miwili ya mifumo inayotafuta nyufa na kuziziba yenyewe. Washindi, Team Atlanta, wakaondoka na dola milioni 4. Nyufa hizo zamani zilikaa miaka bila mtu kuziona, au ziliuzwa gizani kwa aliyeziona kwanza.

Miezi mitatu baadaye ikaja taarifa ya upande wa pili. Kampuni ya Anthropic ilieleza kwamba kundi ililolihusisha na serikali ya China lilikuwa limeutumia mfumo wake wa akili mnemba, Claude, kushambulia taasisi kama 30, na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya kazi ilifanywa na mashine. Nilicheka kidogo niliposoma kwamba mashine hiyo wakati mwingine iliwadanganya mabwana zake, ikijigamba imepata funguo ambazo hazikufungua kitu. Kicheko kilikuwa kifupi. Uongo huo watafiti wanautaja kama kikwazo kilichobaki, na vikwazo vya namna hiyo huondolewa.

Kwenye fedha za simu, ambako wengi wetu ndiko tuliko, mashine imejifunza kawaida yako: kwamba Jumamosi unamtumia mama 20,000, kwamba hujawahi kutuma laki nane saa saba usiku kwa laini iliyosajiliwa juzi. Imeokoa akiba nyingi za watu ambao hawajui hata kwamba waliokolewa. Ila msiba hauna kawaida. Jirani yangu alifiwa na kaka yake huko Songea, akataka kutuma fedha za gari la maiti saa tano usiku, muamala ukazuiwa. Alipiga huduma kwa wateja, akajibiwa na sauti laini isiyo ya mtu, ikamshukuru kwa subira yake. Wakala wa zamani pale kona, yule aliyeandika kila kitu kwenye daftari la jalada jekundu, angekuwa ameshasikia kilio na angetuma kabla hajaombwa mara ya pili. Ni kweli pia kwamba wakala huyo ndiye aliyeziona namba za siri za nusu ya mtaa, maana tulimtajia wenyewe tukiwa tumesahau miwani.

Hasara ninayoihofia zaidi haizungumzwi sana. Vijana wetu wa usalama wa mitandao walijifunza kazi kwa kufanya uchafu wake: kusafisha flashi, kukesha wakisoma rekodi za seva mstari kwa mstari, kuchunguza maonyo elfu ili kupata moja la kweli. Kazi hiyo ya kuchosha sasa ni ya mashine, na inaifanya vizuri. Lakini anayestahili kuisahihisha mashine ikikosea ni yule aliyekesha. Tukiacha kuwaajiri wanaoanza kwa sababu programu ni rahisi, miaka kumi ijayo tutakuwa tunanunua wataalamu kutoka nje pamoja na hizo programu. Vyuo na waajiri walione hilo mapema.

Kwa nyumbani, kaeni na wazazi, kubalianeni swali ambalo jibu lake halimo mtandaoni, na mkipigiwa simu ya shida kateni mpige wenyewe kwa namba ya zamani. Kwa Tanzania, ujumbe na namba za kitapeli zinaripotiwa kwenda 15040, na laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako utazikagua kwa kupiga *106#. Zikague leo, na umkagulie na mama.