Goma: Vijana wa Keshero wanabishana juu ya muchezo ambao haujatangazwa

Jioni, umeme ukirudi katika kata ya Keshero, magharibi ya muji wa Goma, vijana wanazunguka ordinatere moja na ubishi unaanza: Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, inatayarisha muchezo gani? Mumoja anasema ni Aurion ya pili. Mwingine anaapa ni hadisi mupya kabisa.

Mwenye ordinatere alikimbia vita kule Masisi. Katika Aurion, iliyotoka 2016, Enzo anapinduliwa na shemeji yake siku ya kutawazwa, anaenda uhamishoni na mke wake Erine, akitafuta nguvu za mababu ili arudi Zama. Kijana huyu ameumaliza mara tatu.

Wenzake wanabashiri silaha na ramani. Yeye anauliza moja tu: je, utaonyesha namna mutu anavyoishi akisha kurudi kwao?