Sumu Iko Kidole Gani?

Katikati ya miaka ya 1980 karibu kila aliyesomea wadudu nchini alikuwa akihangaika na dumuzi. Mdudu huyo, mwenye asili ya Amerika ya Kati, aliingia Tabora na kusaga mahindi vihengeni kwa kasi iliyowafanya wakulima wamwite Scania. Maabara yetu pale Mlimani, Dar es Salaam, ilijaa magunia ya sampuli mpaka koridoni, na kazi yangu ilikuwa kuchekecha na kuhesabu. Ndani ya vumbi hilo la mahindi ndimo nilimokutana na nge-bandia.

Ana milimita mbili tatu tu, rangi yake hudhurungi. Koleo zake mbili zimetangulia mbele kama za nge, ila mkia hana, wala mwiba. Ukimgusa kwa ncha ya brashi anarudi kinyumenyume upesi, koleo bado zimekuelekea wewe. Mahindi hayali, anakula utitiri na watoto wa wadudu. Kwa mradi wa dumuzi hakuwa na faida yoyote ya maana, na nadhani ndiyo maana nilimpenda.

Nilipompeleka kwa mwalimu wangu, hakuuliza nimemtoa wapi. Aliuliza, "Sumu iko kidole gani?"

Swali hilo ndilo lililonifundisha koo za viumbe hawa. Koleo lina vidole viwili, kimoja kimetulia na kingine kinacheza. Familia ya Atemnidae ina sumu kwenye kidole kilichotulia peke yake. Chernetidae kwenye kile kinachocheza. Cheliferidae na Withiidae kwenye vyote viwili. Ili kuona, unamloweka katika asidi ya laktiki mpaka nyama ing'ae, unamlaza juu ya kioo cha hadubini, kisha unafuatilia mfereji mwembamba wa sumu hadi kwenye jino la ncha. Wangu alikuwa na mifereji miwili. Zikabaki familia mbili, na hapo vitabu vyetu vikaanza kugombana.

Mmarekani Joseph Chamberlin, ambaye mpangilio wake wa miaka ya 1930 ndio uliokuwa msingi wa kila kitu, aliwaweka jamaa wa Withius ndani ya Cheliferidae, kama tawi dogo tu. Mwaka 1970 Mjerumani Peter Weygoldt, akilinganisha namna makundi haya yanavyozaana, aliwapa familia yao. Tofauti ukiitaka, mgeuze dume chali. Dume wa Withiidae ana vibaka vya nywele fupi za tezi chini ya tumbo. Madume wengi wa Cheliferidae wana vifuko viwili wanavyovisukuma nje wakimchezea jike, vimepinda kama pembe za kondoo. Wangu alikuwa na vibaka.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 Volker Mahnert wa makumbusho ya Geneva alikuwa akichapisha, sehemu baada ya sehemu, maelezo ya nge-bandia wa Kenya. Kwa Kijerumani, bahati mbaya. Tulisoma michoro kwanza, maneno baadaye, kamusi mkononi.

Aliyeshughulika na chupa ni fundi wa maabara, mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Lebo aliziandika kwa penseli, maana wino wa kawaida hutoka ndani ya spiriti. Nilimwomba aandike Withiidae. Akaiinua chupa dirishani.

"Mwanangu, hawa tumewaweka kabati lile siku zote. Wamehama lini?"

"Mwaka 1970, Mzee."

"Na mimi sikuarifiwa."

Aliandika lebo mpya, ya zamani akaiacha mle mle chupani, ndivyo makumbusho yanavyotaka. Kisha akauliza habari za yule wa kwenye vitabu vikuukuu, Chelifer cancroides, kama naye ana hamahama. Nikamwambia huyo ndiye kazidi: mwaka 1758 Linnaeus alimweka jenasi moja na utitiri.

"Utitiri!" Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Basi huyu wetu kahama chumba tu."